Intaneti ya Nyumbani na Mtandao wa Kazini kwa Wakati Mmoja: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mtu anayefanya kazi nyumbani kwa kompyuta ya ofisi hutumia mitandao miwili kwa pamoja: wa nyumbani, wenye printa, televisheni na simu za familia, na wa kazini, unaofikiwa kupitia VPN, yaani njia ya siri inayopita juu ya intaneti ya kawaida. Kila pakiti, yaani kipande kidogo cha data, inayotoka kwenye kompyuta hiyo hulazimika kuchaguliwa mtandao wa kupitia, na uchaguzi huo hufanyika kimyakimya bila mtumiaji kuulizwa. Hapo ndipo yanapozaliwa matatizo mengi ambayo watu huyasingizia intaneti mbovu. Majibu yafuatayo yameandikwa kwa ajili ya mtumiaji wa kawaida anayetaka kuelewa kinachotendeka kabla ya kugusa mipangilio yoyote.

Nikiwasha VPN ya kazini, intaneti yangu ya nyumbani inafanywa nini?

Haizimwi wala haibadilishwi na nyingine, kwa sababu VPN yenyewe husafiri juu ya intaneti hiyo hiyo. Kinachotokea ni kwamba programu ya VPN hutengeneza kadi ya mtandao ya kufikirika ndani ya kompyuta, huipa anwani ya IP (nambari inayotambulisha kifaa kwenye mtandao) iliyotolewa na kazini, kisha huandika mistari mipya kwenye jedwali la njia, yaani orodha ambayo mfumo endeshi huisoma kila unapotaka kutuma pakiti. Kila pakiti inayoelekezwa kwenye kadi hiyo husimbwa, hufungwa ndani ya pakiti nyingine, na kupelekwa kwenye seva ya VPN kupitia ruta yako. Njia hii iliyofungwa ndiyo inayoitwa handaki.

Jedwali hilo unaweza kulitazama kwa macho yako: kwenye Windows andika `route print`, kwenye Mac `netstat -rn`, na kwenye Linux `ip route`. Kanuni yake kuu ni moja: mstari unaotaja anwani chache zaidi hushinda mstari unaotaja anwani nyingi. Programu ya OpenVPN, kwa mfano, inapotaka kuchukua mawasiliano yote bila kufuta njia yako ya awali, huweza kuandika mistari miwili, 0.0.0.0/1 na 128.0.0.0/1 (nambari iliyo baada ya mkwaju huonyesha ukubwa wa fungu la anwani: ikiwa ndogo, fungu ni kubwa). Kila mmoja hubeba nusu ya anwani zote za IPv4, toleo la nne la anwani za IP, na kwa kuwa nusu ni ndogo kuliko zima, yote miwili huushinda mstari wa 0.0.0.0/0 unaoelekeza kwenye ruta ya nyumbani. Kisha huongezwa mstari wa tatu wenye anwani moja tu, ile ya seva ya VPN, ukisema kwamba hiyo ipitie ruta kama kawaida. Bila mstari huo handaki lingejaribu kupita ndani ya handaki lenyewe, na mawasiliano yangekatika papo hapo.

Handaki zima na handaki la mgawanyo vinatofautianaje, na kipi ni bora?

Kwenye handaki zima kila kitu hupitia kazini, hata tovuti ya habari unayoifungua wakati wa mapumziko. Kwenye handaki la mgawanyo, anwani za mifumo ya kazi pekee ndizo zinazopitia kazini, na mengine yote hutoka moja kwa moja kupitia ruta ya nyumbani.

Hoja ya usalama inayotolewa kutetea handaki zima ni nzito na haifai kupuuzwa. Kompyuta yenye mgawanyo imefungua milango miwili kwa pamoja, mmoja kwenye intaneti ya wazi na mwingine kwenye mifumo ya ndani ya kampuni. Programu hasidi iliyoingia kupitia mlango wa kwanza inaweza kuufikia wa pili, na vifaa vya ukaguzi vilivyo ofisini havitaona ilivyoingia. Kwa upande mwingine, handaki zima hubebesha kiunganishi cha kampuni mzigo usiokihusu: mkutano wa video unaofanyika kwenye seva za nje husafiri hadi ofisini, hutoka tena kwenda nje, na kurudi kwa mzunguko huo huo. Mwaka 2020, wafanyakazi wengi mno walipohamia nyumbani kwa ghafla, Microsoft ilizishauri kampuni kuyatoa nje ya handaki mawasiliano ya huduma zake zinazotumika kwa wingi, hasa sauti na video za Teams, kwa kuwa yalikuwa tayari yamesimbwa.

Kwa maoni yangu, mgawanyo wenye orodha fupi na iliyofikiriwa vizuri, kwenye kompyuta inayosimamiwa na mwajiri na yenye ulinzi wake yenyewe, ndio mpangilio unaowafaa wengi. Hata hivyo, uamuzi huo ni wa mwajiri. Kwenye VPN iliyomo ndani ya Windows kuna kisanduku, katika mipangilio ya IPv4, kinachoamua kama lango chaguomsingi la mtandao wa mbali litumike. Kukiondolea tiki bila idhini ni kubadilisha sera ya usalama ya watu wengine, na katika ofisi nyingi ni kosa la kinidhamu.

Kwa nini printa ya nyumbani hupotea mara tu VPN inapounganishwa?

Kwa kanuni iliyoelezwa hapo juu printa haikupaswa kupotea, kwa kuwa mstari wa mtandao wa nyumbani, tuseme 192.168.1.0/24, hutaja anwani chache kuliko mstari wa handaki na hivyo huushinda. Ikiwa imepotea, kuna sababu mbili za kuzitafuta.

Ya kwanza ni sera. Programu nyingi za VPN za kiofisi hufunga kwa makusudi mawasiliano na vifaa vya jirani wakati handaki liko wazi, ili kompyuta ya kampuni isifikiwe na kifaa chochote kilichoambukizwa ndani ya nyumba. Kufuli hilo hufunguliwa na kitengo cha TEHAMA pekee, na ombi la kuruhusu mtandao wa karibu ni la kawaida kabisa kwao.

Ya pili ni namna printa inavyotafutwa. Mara nyingi kompyuta haikumbuki printa iko wapi. Hupaza sauti kwenye mtandao wa nyumbani, kwa anwani 224.0.0.251 na mlango 5353, ikiuliza nani ni printa. VPN ikiwashwa, sauti hiyo huweza kupelekwa kwenye kadi ya handaki, ambako hakuna wa kuijibu. Dawa yake ni kuingia kwenye ruta, kuitengea printa anwani isiyobadilika, kisha kuiongeza upya kwenye kompyuta kwa anwani hiyo badala ya jina. Na ikiwa sera hairuhusu lolote kati ya haya, waya wa USB haupiti kwenye jedwali la njia.

VPN inasema imeunganishwa, lakini mifumo ya kazini haifunguki. Tatizo liko wapi?

Kabla ya kulaumu chochote, linganisha nambari za mtandao wa nyumbani na za mtandao wa kazini. Tangu mwaka 1996, waraka wa viwango uitwao RFC 1918 umetenga mafungu matatu ya anwani ambayo mtu yeyote anaweza kuyatumia ndani ya mtandao wake bila kuomba: 10.0.0.0/8, 172.16.0.0/12 na 192.168.0.0/16. Watengenezaji wa ruta za nyumbani wamezoea kuchagua 192.168.0.0/24 au 192.168.1.0/24, na ofisi nyingi, hasa zilizoanza zikiwa ndogo, zilibaki na nambari hizo hizo.

Fikiria seva ya mafaili ya ofisini yenye anwani 192.168.1.20. Ukiwa nyumbani kwenye mtandao wa 192.168.1.0/24, kompyuta huitazama anwani hiyo na kuhitimisha kwamba seva imo humo humo ndani ya nyumba. Huuliza kwenye Wi-Fi ni kifaa gani chenye nambari 20, na hapo mawili hutokea: ama hakuna anayejibu, au inajibu televisheni. Handaki liko wazi na halina hitilafu, ila pakiti hazijawahi kuelekezwa humo. Ndiyo maana kompyuta hiyo hiyo ikiunganishwa kwenye hotspoti ya simu, yenye nambari nyingine, kila kitu hufanya kazi, na mtu hubaki akiamini kwamba mtoa huduma wake wa nyumbani amezuia VPN.

Suluhisho la kudumu ni kubadilisha nambari za nyumbani, kwa sababu ni rahisi mno kuliko kubadilisha za ofisi. Ingia kwenye ukurasa wa ruta, tafuta mipangilio ya mtandao wa ndani, na badilisha anwani ya ruta kutoka 192.168.1.1 kwenda, kwa mfano, 192.168.187.1, huku fungu la anwani zinazogawiwa vifaa likifuata nambari hiyo mpya. Hifadhi, subiri ruta ijiwashe upya, kisha zima na kuwasha vifaa vyote ili vipate anwani mpya. Ukurasa wa ruta sasa utaufungua kwa anwani mpya, iandike mahali. Sishauri fungu la 10.0.0.0/8, kwa kuwa kampuni kubwa hulitumia sana, na baadhi ya VPN hulichukua lote. Wanaotumia Docker waangalie pia 172.17.0.0/16, ambalo programu hiyo hulichukua kwa chaguomsingi ndani ya kompyuta na linaweza kugongana na mtandao wa ofisi kwa namna ile ile.

Mifumo hufunguka kwa nambari lakini haifunguki kwa jina. Nifanyeje?

Hapo njia ni sahihi; kinachokosea ni DNS, huduma inayogeuza majina kuwa anwani. Majina ya ndani ya kampuni hujulikana na seva ya DNS ya kampuni pekee, ilhali kompyuta yako ina seva mbili za kuuliza, ya ruta na ya VPN. Ikiuliza ya ruta, itajibiwa kwamba jina hilo halipo, na itaweza kulikumbuka jibu hilo kwa muda hata baada ya VPN kukaa sawa. Kwenye Windows amri `ipconfig /flushdns` hufuta kumbukumbu hiyo.

Kuna chanzo kingine ambacho hata mafundi hukisahau. Vivinjari vya kisasa vinaweza kuuliza majina kwa njia yao wenyewe, kwa DNS inayosafiri ndani ya HTTPS (njia iliyosimbwa ya kufungua tovuti), kiwango kilichotolewa mwaka 2018. Kivinjari kilichopangwa hivyo huipita DNS ya mfumo endeshi, ya ofisi ikiwemo. Dalili yake ni kwamba programu ya barua pepe na mafaili zinafanya kazi vizuri, lakini kurasa za ndani zinakataa kwenye kivinjari kimoja tu. Tafuta kipengele cha DNS salama kwenye mipangilio ya kivinjari, ukizime, kisha ujaribu tena.

Kwa nini kazi huenda polepole zaidi VPN ikiwa imewashwa?

Pakiti zinasafiri mbali zaidi, na sehemu ya safari hiyo inategemea kiunganishi usichokimiliki. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri takribani kilomita 200,000 kwa sekunde. Seva ya VPN iliyo umbali wa kilomita 5,000 kwa hiyo huongeza si chini ya milisekunde 50 kwa kwenda na kurudi, hata kama intaneti yako ina kasi ya kupigiwa mfano. Kifurushi cha kasi kubwa hakiwezi kuuondoa ucheleweshaji huo, jambo ambalo wauzaji wa vifurushi hawalitaji.

Pima kabla ya kununua chochote. Unganisha kompyuta kwenye ruta kwa waya, pima kasi VPN ikiwa imezimwa, kisha ikiwa imewashwa, na uangalie kasi ya kupakia na ucheleweshaji, si ya kupakua pekee. Tofauti ikiwa ndogo kwa waya na kubwa kwa Wi-Fi, tatizo ni Wi-Fi yako: jaribu masafa ya GHz 5 badala ya GHz 2.4, na uitoe ruta nyuma ya kabati. Ikiwa intaneti ya nyumbani ni nzuri bila VPN na mbaya nayo hata kwa waya, waandikie TEHAMA ukiambatanisha vipimo vyote viwili.

Kuna hali ambayo haionekani kwenye vipimo vya kawaida: sauti kwenye mkutano hukatika pale tu mtu mwingine nyumbani anapopakia picha au video. Ruta nyingi hupanga pakiti kwenye foleni ndefu wakati njia ya kupakia imejaa, na pakiti za sauti husubiri nyuma ya mafaili. Baadhi ya ruta zina mpangilio wa kusimamia foleni kwa akili, unaojulikana kwa majina ya fq_codel au CAKE. Ukiwashwa na kupewa kikomo kilicho chini kidogo ya kasi yako halisi ya kupakia, mikutano hurudi kuwa mizuri bila kulipia kifurushi kikubwa zaidi. Ni miongoni mwa marekebisho machache ya nyumbani ambayo familia nzima huyahisi siku hiyo hiyo.

Ujumbe mfupi hupita, lakini mafaili makubwa hukwama katikati. Je, huo nao ni upungufu wa kasi?

Hapana, mara nyingi ni ukubwa wa pakiti. Mtandao wa kawaida wa waya hubeba pakiti zisizozidi baiti 1500. Viunganishi vya nyumbani vinavyotumia PPPoE, namna ya kuingia kwenye mtandao wa mtoa huduma kwa jina na nenosiri, hukata baiti 8 na kubakiza 1492, na handaki nalo hukata za kwake: VPN aina ya WireGuard huhitaji baiti 60 juu ya IPv4 na 80 juu ya IPv6, ndiyo sababu kadi yake kwa kawaida huwekwa kwenye 1420. Pakiti inayozidi kipimo inapaswa kurudishiwa ujumbe wa kutaka ipunguzwe, lakini ngome nyingi za mtandao hutupa ujumbe huo, na mtumaji hubaki akirudia pakiti ile ile isiyoweza kupita.

Kwenye Windows, VPN ikiwa imezimwa, andika `ping -f -l 1472` ikifuatiwa na anwani ya seva ya nje. Nambari 1472 ukijumlisha na baiti 28 za vichwa, yaani maelezo ya safari yanayotangulia data, hufika 1500. Ikikataa, punguza kidogo kidogo hadi ipite, kisha ongeza 28: hicho ndicho kipimo cha njia yako. Wapelekee TEHAMA nambari hiyo, nao watajua pa kuiweka kwenye handaki.

VPN hukatika kila nikiiacha dakika chache bila kuitumia. Kwa nini?

Ruta yako hukumbuka kila mazungumzo yanayopita ndani yake, na mazungumzo yaliyonyamaza huyasahau ili kuokoa nafasi. Mazungumzo ya UDP (utumaji usiosubiri uthibitisho wa kupokelewa), yanayotumiwa na VPN nyingi, husahauliwa mapema kuliko ya TCP (utumaji unaothibitishwa). VPN inapotuma pakiti tupu ya kujitambulisha kila baada ya muda mfupi, kumbukumbu hiyo haifutwi. Kwenye WireGuard kipimo kinachopendekezwa ni sekunde 25. Angalia pia kama kompyuta imepangwa kuzima kadi ya Wi-Fi ili kutunza betri.

Je, watu wengine nyumbani wanapitia VPN yangu?

Hawapitii, ikiwa VPN imewashwa kwenye kompyuta yako na si kwenye ruta. Wao wanakutana nawe kwenye kasi ya intaneti tu.

Mwenzangu naye ana VPN ya kampuni nyingine. Zinaweza kufanya kazi pamoja?

Zinaweza, kila moja kwenye kompyuta yake. Ugumu uliwahi kuwepo kwa itifaki za zamani za VPN kama PPTP, ambayo baadhi ya ruta hushindwa kuibeba kwa watu wawili wanaoelekea seva moja. Apple iliondoa PPTP kwenye mifumo yake mwaka 2016 kwa sababu za usalama, na ofisi inayoitumia hadi leo inapaswa kuachana nayo. Kuwasha VPN mbili ndani ya kompyuta moja ni jambo jingine: zote huandika kwenye jedwali moja la njia, na ya mwisho kuandika inaweza kuvuruga ya kwanza. VPN yako binafsi izime kabla ya kuwasha ya kazi.

Mwajiri anaona nini ninapotumia intaneti yangu mwenyewe?

Kwenye handaki zima anaweza kuona majina ya tovuti unazotembelea, saa, na kiasi cha data, kwa sababu pakiti zako hutokea kwenye lango lake na maswali yako ya DNS hujibiwa na seva yake. Maudhui ya kurasa za HTTPS hayaoni, isipokuwa kompyuta iwe imewekewa cheti cha kampuni kinachoruhusu kufungua na kukagua mawasiliano hayo katikati ya safari, jambo linalowezekana kwenye kompyuta za kazi. Kwenye handaki la mgawanyo haoni kinachopita nje ya handaki kwa njia ya mtandao, lakini programu za usimamizi zilizomo ndani ya kompyuta yake zinaweza kuona kwa njia nyingine. Mambo ya benki, afya na familia yafanye kwenye simu au kompyuta yako mwenyewe. Nalisema hili kwa uzito, kwa kuwa hakuna mpangilio wa mtandao unaoweza kukupa faragha kamili juu ya kifaa kisicho chako.

Nina intaneti ya waya na ya simu. Je, naweza kutumia zote mbili?

Kompyuta huipa kila moja nambari ya kipaumbele iitwayo gharama (si ya fedha), na yenye gharama ndogo hutumika kwanza. Kasi zake hazijumlishwi. Manufaa yake ni ya akiba, moja inapokatika. Kubadilika huko hubadilisha anwani yako, na VPN nyingi huanguka zikalazimika kuunganishwa upya. WireGuard huvumilia mabadiliko hayo, na VPN aina ya IKEv2 pia, pale kiendelezi chake kiitwacho MOBIKE kinapotumika. Kumbuka kwamba vichwa vya handaki huongeza data, hivyo bando la simu litaisha mapema kuliko ulivyozoea.

Niwapelekee nini TEHAMA ninapoomba msaada?

Maneno "VPN haifanyi kazi" huwarudisha mwanzo kila mara. Waeleze saa tatizo lilipotokea, kama ulikuwa kwenye waya au Wi-Fi, kama hotspoti ya simu ilileta matokeo tofauti, na kama mfumo ulifunguka kwa nambari. Ambatanisha jedwali la njia lililonakiliwa mara mbili, VPN ikiwa imezimwa na ikiwa imewashwa, kwa kuwa tofauti kati ya nakala hizo mara nyingi humwonyesha fundi kosa kabla hajakupigia simu. Usitume nenosiri, wala faili la mipangilio ya VPN lenye ufunguo wa siri ndani yake. Wakihitaji faili hilo, watalitoa upya wao wenyewe.